Miwani, Kalamu na Kidole Gumba

Maneno haya ya kufundisha kusoma gerezani niliyasema Kisumu tarehe 8 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika, mbele ya walimu wa kujitolea, wanafunzi wa vyuo, watu wa makanisa na misikiti, na maafisa wachache wa magereza. Baadhi yao waliniomba niyaandike. Nimepunguza vicheko na kurudiarudia; mengine nimeyaacha yalivyotoka kinywani.

Itifaki imezingatiwa, kwa hivyo sitataja vyeo. Nikianza kutaja nitamsahau mmoja, na huyo ndiye atakayeninyima chai. Wazee wetu, akina mama, maafande mliojipanga kule nyuma karibu na mlango kama mlivyozoea, walimu wenzangu, vijana wa Maseno na wa Masinde Muliro: hamjambo? Oyawore. Mulembe. Chamgei.

Mimi ni mwalimu wa ngumbaru. Neno hilo vijana mnalicheka, najua. Siku hizi mtu akikosea hesabu ya chenji kwenye matatu anaambiwa arudi ngumbaru. Nilianza kazi hiyo mwaka 1984, miaka mitano baada ya Rais Moi kuzindua kampeni ya nchi nzima ya kuwafundisha watu wazima kusoma. Darasa langu la kwanza lilikuwa chini ya mwembe huko Butere: akina mama kumi na wanane, na mzee mmoja aliyekuja kumchunga mkewe. Kampeni ile tuliiita ya kufuta ujinga. Jina hilo silitumii tena. Mtu anayeshona nyavu gizani, anayejua kwa mwelekeo wa upepo kwamba ziwa litachafuka kabla ya saa nane, huyo utamfuta ujinga upi? Hajui kusoma, basi. Mimi nami sijui kuogelea, na nimekaa kando ya ziwa hili miaka thelathini.

Nilipostaafu nikaenda kufundisha gerezani. Gereza lenyewe silitaji. Liko ukanda wetu huu wa magharibi, na mkinisikia nikilalamika msianze kunong'onezana ni wapi. Ninayoyalalamikia yako karibu kila mahali.

Siku ya kwanza walikuja ishirini na watatu. Darasa lilikuwa kanisa la humo ndani, mabenchi bila meza, mtu anaandika juu ya goti. Nikapitisha karatasi, kila mmoja aandike jina lake, na asiyeweza aweke alama yoyote. Karatasi ikarudi na majina machache, misalaba kadhaa, na katikati doa jeusi la mviringo. Nikauliza hili ni nini. Mzee mmoja akainua kidole gumba. Alikuwa ameomba biro ya jirani, akakipaka wino, akatia sahihi yake ya miaka yote.

Nitamwita Jaduong', yaani mzee kwa Dholuo, kwa kuwa gereza zima lilimwita hivyo, hata askari waliokuwa rika la wanawe. Alikuwa mvuvi. Kosa lake nalijua na sitalisema hapa. Nitasema tu kwamba kidole kile kilikuwa kimeshatia alama kwenye maelezo ya polisi, kwenye karatasi za bondi ambayo hakuipata, na kwenye karatasi nyingine tatu nne ambazo hakuwahi kujua zimeandikwa nini.

Baada ya wiki mbili akanizoea. Siku moja wenzake walipotoka akabaki, akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imelegea kwenye mikunjo kama noti ya shilingi hamsini ya sokoni. Akaniuliza: mwalimu, hii risiti bado inatumika? Nikaisoma. Ilikuwa nakala ya hukumu yake. Mwisho kabisa, chini ya idadi ya miaka, kulikuwa na ule mstari mfupi ambao mahakimu wetu huuandika: haki ya kukata rufaa, siku 14. Alikuwa amelala nayo kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Hakimu pia huitamka kwa mdomo, ni kweli. Lakini mtu aliyetoka kusikia "miaka kumi na mitano" hasikii sentensi inayofuata. Muulizeni yeyote aliyepitia hapo. Na ni kweli pia kwamba mahakama inaweza kuruhusu rufaa iliyochelewa ukitoa sababu nzuri. Lakini ombi hilo nalo huandikwa. Unarudi pale pale.

Nimekuja kuwaambia jambo moja leo, na nitalisema sasa kabla hamjachoka. Darasa la kusoma gerezani lianze na karatasi iliyo mfukoni mwa mfungwa. Lisianze na kitabu cha chekechea, wala mtihani, wala kile ambacho sisi wa nje tunaona kinamfaa. Analo tayari andiko ambalo analitamani kuliko maandiko yote duniani, na analikalia.

Gerezani kuandikiwa kuna bei. Barua ya nyumbani ni kipande cha sabuni. Rufaa ni sabuni nzima, au sukari, au utamfulia mwandishi kunguru wake mwezi mzima. Kunguru, kwa mliobahatika kutojua, ni ile nguo ya mistari ya aliyehukumiwa. Waandishi hao siwalaumu. Wengine wanaijua sheria kuliko mawakili wa kulipwa. Na huko Nairobi, Kamiti na Lang'ata, wapo waliosomea sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani. Lakini si kila mwandishi ni huyo. Nimeona rufaa ya kijana wa Bungoma inayosema alikamatwa stendi ya Nakuru saa mbili usiku. Nakuru hajawahi kukanyaga. Mwandishi alinakili sababu za mteja wake wa awali, akabadilisha jina. Kijana akatia dole, ikapelekwa. Jaribuni kuwa jaji mnayeisoma hiyo huku faili ya kesi iko pembeni.

Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Muruatetu kwamba kulazimisha hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji ni kinyume cha Katiba. Magereza yalichemka. Kila mtu wa kondemu, yaani aliyehukumiwa kifo, alitaka kuandika ombi ahukumiwe upya, na bei ya kuandikiwa ikapanda siku hiyo hiyo. Julai 2021 mahakama hiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake, na watu wa wizi wa mabavu, ambao nao sheria inawahukumu kifo na waliokuwa wameshafua nguo za waandishi miezi na miezi, wakaduwaa. Habari zote mbili, njema na mbaya, ziliwafikia wasiosoma kwa mdomo, zimetiwa chumvi kila selo zilipopita. Walikuwapo walioamini kwamba milango itafunguliwa Krismasi.

Sasa kuna hesabu. Sheria yetu ya mashtaka ya jinai, kifungu cha 333(2), inasema muda ambao mtu alikaa rumande uzingatiwe katika kuhesabu kifungo chake. Nilikuwa na kijana ambaye hesabu ya kutoa ilimshinda kabisa. Nikampa mia tatu toa mia moja arobaini na saba, akaniangalia kama namtukana. Basi nikamwambia aandike tarehe aliyokamatwa, chini yake tarehe aliyohukumiwa, atoe. Akatoa. Akapata miezi kumi na tisa. Akanyamaza, halafu akasema: mwalimu, hii wameihesabu? Tukaleta hukumu yake, tukaisoma mstari kwa mstari, darasa zima limesimama nyuma yetu. Haikutajwa. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijaona watu wakinyamazia hesabu ya kutoa namna ile.

Wiki iliyofuata kila mtu alikuja na tarehe zake. Tukaingia kugawanya kwa tatu, kwa sababu Sheria ya Magereza inampa mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja nafasi ya kupunguziwa theluthi ya kifungo chake kwa bidii na mwenendo mwema. Zipo hukumu zisizoguswa na punguzo hilo, na hizo tulizitenga kwanza ili mtu asijipe tamaa ya bure. Mngeona watu wazima wanavyogombania chaki. Nilikuwa nimebeba chati ya hesabu yenye maembe na machungwa. Sikuifungua.

Watu wataniuliza tufundishe kwa lugha gani. Nina msimamo wangu na najua wengine humu hamtaupenda. Kiswahili kwanza. Si kwa sababu ya Katiba, ingawa Ibara ya 7 inakitaja kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ni kwa sababu selo moja ina Mjaluo, Mbukusu, Mkalenjin, Mkisii na Mteso, na ugomvi wao, sala zao na mizaha yao yote ni Kiswahili. Tena Kiswahili hakimdanganyi anayeanza: kinavyosikika ndivyo kinavyoandikwa. Kiingereza kitakupa "know" na "no" kisha kikucheke.

Ingawa hata Kiswahili kina mitego yake kwa sisi watu wa huku. Mimi Mluhya, kwetu gari huwa "kari", na hakuna aliyekufa. Lakini siku ya kuandika inabidi uamue. Mjaluo naye atakuandikia "samba" akimaanisha shamba, na usipomjua utadhani ni ngoma. Kulikuwa na mabishano ya nusu saa kati ya ng'ombe na ngombe, kila upande una mashahidi. Niliyaacha yaendelee. Watu wakigombania apostrofi ujue wameshavuka mto.

Kuna jambo zito hapa lakini. Mahakama za chini zinaruhusiwa na sheria kutumia Kiingereza au Kiswahili. Mahakama Kuu lugha yake ni Kiingereza. Mshtakiwa akiwa haelewi, Katiba inampa haki ya mkalimani bila malipo. Kwa hivyo mtu anajibu kwa Kiswahili, karani anatafsiri, hakimu anaandika Kiingereza, na mwenendo wa kesi unaochapishwa ni wa Kiingereza mtupu. Mtu hayatambui maneno yake mwenyewe. Jaduong' aliponiomba nimsomee alichosema kortini, nikamsomea kwa Kiingereza kwanza, makusudi, kisha nikamtafsiria. Akasema huyo mtu anaongea vizuri, ni nani? Kwa hiyo ninaposema Kiswahili kwanza simaanishi Kiswahili tu. Baada ya mwaka, wanaotaka wapewe Kiingereza cha korti: maneno kama themanini hivi yanayorudiarudia katika kila hukumu. Nimeyahesabu kwenye daftari langu.

Vitabu. Serikali ilikuwa na vitabu vya watu wazima enzi zile, na baadhi vilikuwa vizuri. Lakini gerezani mara nyingi utakuta vile vya watoto, vilivyotolewa na shule iliyobadilisha mtaala. Huyu ni paka. Paka analala. Unampa hicho mtu mwenye wajukuu, aliyehukumiwa miaka ishirini. Wenye heshima zao watakaa kimya na wiki ijayo hawatarudi, nawe utaandika kwenye ripoti kwamba wafungwa hawana ari ya kusoma.

Ng'ambo ya ziwa hili, Mwanza, watu walishalifikiria jambo hili kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Kati ya 1968 na 1972 Tanzania ilifanya majaribio pamoja na UNESCO: mkulima wa pamba akapewa kitabu cha pamba, wa ndizi cha ndizi, mvuvi cha uvuvi, mfugaji cha ng'ombe. Mtu akajifunza kusoma kwa maneno ambayo mikono yake inayajua. Mwaka 1967 theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Kufikia 1975 walikuwa wamebaki asilimia 39. Si vitabu peke yake vilivyofanya hivyo, kulikuwa na msukumo wa siasa na wa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Sisi hapa Kenya, utafiti wa kitaifa wa 2006 uliwakuta watu wazima asilimia 61.5 ndio wenye kiwango cha chini kinachohitajika cha kusoma na kuandika.

Kwa hiyo nasi tukatafuta pamba yetu. Niliwauliza: neno gani humu ndani mnalisikia kila siku? Wakasema kosa. Nikaliandika ubaoni, nikalikata: ko, sa. Chini ya ko nikaweka ka ke ki ko ku. Chini ya sa nikaweka sa se si so su. Nikawaambia, haya silabi kumi, tengenezeni maneno. Wakaanza: kaka. Soko. Saka. Kijana mmoja wa pikipiki, mkimya sana, akaja ubaoni akaunganisha ki na su. Kisu. Darasa likaangua kicheko, na afande aliyekuwa mlangoni akaingia kuona kuna nini, akakuta neno kisu limeandikwa kwa herufi kubwa na mimi nimeshika chaki. Nilijieleza siku hiyo! Huku najieleza, Jaduong', ambaye hakuwa amesema lolote darasani mwezi mzima, akasimama, akaweka kidole juu ya si, kisha juu ya ku. Akasoma: siku.

Afande akakaa. Alikaa mpaka mwisho wa kipindi, na wiki iliyofuata akaja na daftari lake. Kiswahili cha kuandika ripoti kilikuwa kinamtesa.

Nimesema mwezi mzima Jaduong' hakusema lolote darasani. Nilikuwa nimeshaanza kumkatia tamaa, na hapo nilikuwa mwalimu wa zaidi ya miaka thelathini, ninayejua kila kitu. Alikuwa akishika karatasi anaisogeza mbali, anaileta, anaisogeza tena, halafu anaiweka chini na kutazama dirishani. Nikaandika kwenye daftari langu: mzito. Mungu anisamehe. Mtu huyu akiwa uwanjani angekuambia ndege gani anapita upande wa ziwa kabla wewe hujaona kama kuna ndege. Akiona mbali hivyo, mbona haikuniingia akilini? Ukifika miaka arobaini na kitu jicho la kila mtu linaanza kukataa vitu vya karibu. Mimi mwenyewe navaa miwani. Siku ya kisu, dakika chache kabla, alikuwa amesogea benchi la nyuma kabisa apate kuona ubao. Kumbe ubao aliweza. Kitabu ndicho kilichokuwa ukungu. Nilipong'amua nikavua miwani yangu nikampa. Aliitazama ile karatasi muda mrefu. Akasema: kumbe herufi zina ncha.

Nikapima darasa zima kwa miwani yangu na ya mke wangu. Kati ya watu ishirini na watatu, tisa walikuwa hawaoni. Si kwamba hawajui, hawaoni. Miwani ya kusomea iko pale sokoni Kibuye, imetundikwa na vibanio vya nguo, bei ya sahani mbili za omena. Miaka yote ile ya kampeni, mwembeni Butere, sikumbuki semina hata moja iliyotaja miwani. Nafikiria wale akina mama wangu waliokuwa wakiacha wiki ya tatu.

Barua sasa. Barua ya mfungwa husomwa na ofisi kabla haijamfikia. Hiyo ni kanuni na wote wanaijua. Asiyejua kusoma ana msomaji wa pili: mwenzake wa selo. Mambo ya ndoa yako, ya shamba linalonyakuliwa na ndugu yako, yanapita midomo ya mtu ambaye kesho mtagombania nafasi ya kulala. Wengine huacha kupokea barua kabisa. Jaduong' alikuwa na barua tatu za bintiye, za Dholuo, alizosomewa mara moja tu na kuziweka. Mimi nilimfundisha Kiswahili. Dholuo alikivukia mwenyewe, maana ukishajua silabi zimebaki herufi chache tu za kuzoea. Siku moja mwezi wa Aprili nikamkuta ameketi nje ya kanisa kabla ya kipindi, miwani usoni, barua ya pili mkononi. Akaniambia mama yake alifariki. Nikampa pole, nikamuuliza lini. Akasema miaka miwili iliyopita. Iko hapa, akasema, akanionyesha mstari.

Aliyemsomea alikuwa ameuruka.

Nilidhani watapigana. Alimfuata uwanjani, wakaketi ukutani, mimi na afande tukiwatazama kwa mbali. Baadaye Jaduong' alinieleza. Yule mwenzake alimwambia: siku ile ulikuwa umetoka kurudishwa selo baada ya kuugua, ningekuambiaje? Nilingoja siku nzuri, haikufika. Jaduong' hakumkasirikia, walikuwa wakila pamoja. Alimjibu maneno mawili tu: barua yangu.

Nimewachelewesha hapo, sasa nikimbie.

Kuna Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015. Kanuni ya 64 inataka kila gereza liwe na maktaba. Ya 104 inasema elimu ya wafungwa wasiojua kusoma na ya vijana iwe ya lazima, na iende sambamba na mfumo wa elimu wa nchi. Ninaipenda, isipokuwa neno moja. Lazima. Kule ndani kuamka ni lazima, kuhesabiwa ni lazima, kuchuchumaa ni lazima. Darasa langu lilikuwa pahali pekee ambapo mtu angeweza kuniambia leo sitaki, nami nikasema sawa, tuonane Alhamisi. Na Alhamisi alikuja. Kwa vijana wa Shikusa, kule kwenye gereza la watoto, sawa, wale ni watoto na Katiba inawapa elimu ya msingi ya lazima kama watoto wengine. Lakini kwa mtu mzima, lazima iwe juu ya serikali: lazima pawe na darasa, lazima pawe na mwalimu, lazima pawe na taa. Yeye aachiwe mlango.

Tusijifanye hakuna kilichobadilika. Waliokuwa ndani kabla ya 2003 na waliokuwa ndani baadaye watakuambia tofauti, na nyingi yake wanampa Mzee Moody Awori, mtu wetu wa Funyula, alipokuwa Makamu wa Rais: magodoro, runinga, magereza kufunguliwa kidogo macho ya raia yakaingia. Mimi nisingepita lile geti bila mlango alioufungua yeye.

Ila tumejenga tabia ya kupima elimu ya gerezani kwa mtihani. Kila matokeo yalipotoka, wanahabari walikwenda Kodiaga au Naivasha kumpiga picha aliyeongoza, na ni vizuri, kijana apongezwe. Hakuna aliyewahi kuuliza habari za benchi la nyuma, la ba be bi bo bu. KCPE yenyewe, ule mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, iliisha 2023. Magereza yaliyokuwa yamejenga kila kitu juu ya cheti kile yalilazimika kuanza kujiuliza upya. Wakijiuliza, wamkumbuke pia yule ambaye hatafanya mtihani wowote maishani mwake. Anataka tu kuisoma meseji ya M-Pesa mwenyewe asiibiwe na mpwa wake. Na yule wa karakana, fundi wa mbao hodari, anayepita sehemu ya vitendo kwenye mtihani wa gredi na kukwama kwa sababu hawezi kusoma swali.

Mahabusu. Hawa ndio walionyimwa zaidi. Hawajahukumiwa, kwa hivyo hawapangiwi kazi wala masomo, wanakaa siku nzima kusubiri tarehe ya kutajwa kesi, wengine miaka. Na ndio hasa wanaohitaji kusoma karatasi ya mashtaka kabla mambo hayajaharibika. Mwalimu akiniambia ana saa mbili tu kwa wiki, nitamwambia ampe mahabusu.

Tena kuna uhamisho. Mtu amefika silabi za nd na mb, asubuhi unaambiwa amepelekwa gereza jingine. Sipingi, sababu za usalama wanazijua wenyewe. Ninaloliomba ni ukurasa mmoja tu ndani ya faili lake: amefika hapa, anatumia miwani namba hii. Mgonjwa hahamishwi bila karatasi yake ya dawa.

Upande wa wanawake nilifundisha miezi minne tu, kwa hiyo nitasema kidogo. Sheria inamruhusu mama kukaa na mtoto wake gerezani mpaka afikishe miaka minne. Kule walisoma haraka kuliko wanaume, nadhani kwa sababu walikuwa na haraka. Mmoja aliniambia anataka kumaliza kabla mwanawe hajatoka, ili barua ya kwanza ya mtoto aisome yeye.

Mwisho ni mambo ya mkono. Wengi wenu mmeniuliza mlete nini.

Msilete vitabu mlivyochoka navyo. Tuna katoni saba za fizikia ya kidato cha pili na kitabu kimoja cha kutunza theluji. Leteni riwaya za Kiswahili, hata zilizochanika. Leteni Taifa Leo ya juzi, habari haziozi upesi kule ndani. Leteni kamusi, hata moja. Leteni vijitabu vya kilimo na ufugaji wa samaki. Biro ziwe zile za kupenya mwanga, wino uonekane, zinahesabiwa kuingia na kutoka. Daftari zisiwe na waya.

Wafungwa wanaofundisha wenzao, ambao ndio walimu wenyewe hasa maana mimi nipo siku mbili na wao wapo saba, waandikieni barua za kuthibitisha kazi yao. Nyinyi wa vyuo mna muhuri na karatasi yenye nembo. Mtu akitoka na barua inayosema alifundisha watu kumi na wanne kusoma, ana cha kumwonyesha mwajiri zaidi ya pengo la miaka.

Na miwani. Namba moja na nusu, mbili, mbili na nusu, hizo ndizo zinazoisha haraka. Fremu ya plastiki, si ya chuma, itazuiwa getini. Kuna boksi hapo mlangoni karibu na maafande, watalilinda. Darasa ni Jumanne na Alhamisi kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo na kitambulisho. Simu utaiacha nje. Ukifika uliza mwalimu wa ngumbaru, na kama sipo utaonyeshwa Jaduong'. Yeye ndiye anayefundisha kundi la wanaoanza siku hizi, na karatasi ya mahudhurio anaisaini mwenyewe, jina lote, herufi kubwa mno mpaka zinatoka nje ya mstari.